Akina Bonfanti wa Usagara, Busisi na Kamanga

Mwaka 1974, Maige Bonfanti alikuwa amekwisha kuchimba msingi wa nyumba yake Usagara pale kamati ya kijiji ilipomwambia asimame. Orodha za vijiji vingine zilikuwa zimefika, na ndani yake walikuwamo akina Bonfanti wawili zaidi, mmoja Busisi, mwingine Kamanga. Kila mmoja alikuwa na kiwanja.

"Ukoo mmoja, viwanja vitatu," alisema mwenyekiti, Luhaga. "Hii ndiyo mirija ya unyonyaji tunayoambiwa tuikate."

Maige, fundi baiskeli wa miaka ishirini na saba, alisema hajawahi kuwaona watu hao. Hakuna aliyemwamini. Akapewa siku tatu alete maelezo, la sivyo kiwanja kitakwenda kwa mwingine.

Alimleta mama yake, Justa. Wajumbe wakamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaeleza bila kuketi. Baada ya Vita Kuu ya Pili alikuja mwashi Mwitaliano, Bonfanti, aliyekuwa mfungwa wa vita wa Waingereza, akawa anajenga maghala ya pamba. Hakuwa na kwake. Alilala kwa wenyeji. Na mtoto akizaliwa mgeni yumo nyumbani, hupewa jina la mgeni.

"Bonfanti alilala nyumba nyingi," alimaliza.

Wajumbe wakaangua kicheko. Luhaga hakucheka.

"Kwako alilala upande upi, mama?"

"Na ndama. Wewe nawe unaitwa Luhaga. Aliyekuwa na jina hilo kabla yako alikuwa nani wa mama yako? Nijibu, nami nitakuongezea jibu langu."

Mwenyekiti akafungua daftari, akamgeukia Maige. Kama kweli ni mtoto wa marehemu Shimba, mume wa Justa, aandikwe Maige Shimba, na kiwanja ni chake leo hii.

"Usikubali," Justa alisema. "Ukilifuta jina hilo umenihukumu mimi."

Mvua zilikuwa karibu. Mke wa Maige alikuwa na mimba ya miezi saba, wakiishi kwenye kibanda cha nyasi. Maige aliutazama msingi wake kupitia dirisha la ofisi, akachukua kalamu, akaandika Shimba.

Justa akajifunga khanga, akatoka.

"Mnaona?" Luhaga aliwaambia wenzake kabla wino haujakauka. "Angekuwa na uhakika na baba yake, angeng'ang'ania."

Nyumba ilikwisha mwezi Desemba. Mjukuu alipozaliwa humo, bibi yake alipelekewa habari mara mbili. Hakuja.