Pua Niliyoivunja Malaba

Jino langu la mbele lilibaki kwenye ghala moja nyuma ya nyumba za kulala wageni za Malaba. Liling'olewa na kiwiko cha mwanamke wa kutoka Tororo, mwaka wangu wa kwanza katika mieleka, na yeye ndiye aliyelia, kwa sababu hakukusudia. Mimi nilitema, nikamwinua, nikambwaga chini kama tulivyokuwa tumepanga, na umati ukapiga kelele za furaha. Siku hiyo nilielewa kwamba kazi hii haisimami ati kwa sababu una damu mdomoni.

Watu husema mieleka ni uongo mtupu. Ni kweli mshindi hujulikana kabla hatujavaa viatu. Lakini mbao ni mbao. Ulingo wetu ulikuwa mbao zilizolazwa juu ya matairi ya trela, zikafunikwa turubai, na kamba zake zilikuwa zile za kufungia mizigo, zimevishwa mipira ya maji ili zisituchune ngozi. Ukitupwa hapo umetupwa. Anayekuokoa ni yule yule anayekutupa. Tulikuwa na maneno mawili ya kazi. Kupiga kazi ni kupiga penye nyama, mlio mkubwa, maumivu kidogo. Kupiga ukweli ni kupiga. Na sheria kubwa ya kikundi chetu ilikuwa kwamba anayepiga ukweli kwa makusudi anatolewa siku hiyo hiyo, na vikundi vyote vya mpakani vinaambiwa, huku na ng'ambo, asipate tena mwanamke wa kumkabidhi shingo yake.

Mimi ni mtu wa Amukura. Kabla ya mieleka nilikuwa nikibeba magunia ya mahindi pale Busia, na mabega yangu yalitoka huko. Sura yangu naijua, sihitaji mtu wa kunieleza. Nina taya la mwanamume na kovu linalopita kwenye nyusi. Wateja wetu walikuwa madereva waliokwama kwenye foleni ya mpaka, Jumamosi mchana, jua likiwaka, wamechoka kungoja karatasi zao. Mtu aliyekaa ndani ya trela siku tatu hataki kuchekeshwa. Anataka kuona mtu akipigwa. Kwa miaka sita mtu huyo nilikuwa mimi. Nilitoka nyuma ya mabati nikitoa macho, wakanizomea, nikamkanyaga mwenzangu vidole, wakanitupia chupa, mwishowe nikapigwa nikalala chini, wakarudi kwenye malori yao wakiwa wamepoa. Nilikuwa hodari sana katika kupigwa. Asiyejua kazi akinirushia kofi, mimi ndiye niliyelifanya lionekane radi.

Halafu mwenye kikundi akamleta msichana mmoja.

Alimtoa Busia, alikokuwa akiuza kava za simu karibu na stendi. Alikuwa mrembo wa kukera. Shingo ndefu, ngozi laini, meno yote. Bango lenye picha yake lilibandikwa kwenye kuta za Malaba kabla hajajua hata kuanguka.

"Dada, huyu utamfundisha," mwenye kikundi aliniambia. "Mwezi mbili tatu hivi. Halafu anakushinda."

"Ananishinda na nini?"

"Na sura. Usijifanye hujui. Hao madereva wanaangalia nini?"

Nilimfundisha, ndiyo, lakini kwa roho mbaya. Nilimtupa mgongo, nikamtupa ubavu, nikamtupa mpaka akatapika kando ya ulingo. Nilimkaba nikachelewa kumwachia. Niliwaambia wenzangu kwamba huyu atakimbia kabla ya Ijumaa. Alipanguza mdomo, akarudi katikati, akasema, "Tena, dada." Hiyo "tena" yake ilinichoma kuliko matusi. Jioni alikuwa akinishukuru, kwa adabu kabisa, huku mgongo wake umevimba, nami nilikuwa nikienda zangu nikinung'unika kwamba hawa warembo wanadhani mieleka ni kupaka rangi ya midomo. Sikuwahi kumtazama miguu anapotua, wala mikono anapokamata. Nilikuwa na kazi ya kuzichukia kope zake.

Jumamosi baada ya Jumamosi alinishinda. Alikuwa akipanda kwenye kamba, anapunga mkono, madereva wanapiga honi mpaka masikio yanauma. Mmoja alinichoma begani kwa sigara nilipoangukia upande wake. Mwingine alinipiga kichwani kwa sandali, akasema, "Wewe mbaya, wacha huyo mtoto mzuri." Nilivumilia, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuchukiwa. Lakini nyumbani nilikaa kitandani nikiwa na hasira, na hasira hiyo haikwenda kwa wale madereva. Ilikwenda kwake.

Mambo yalichacha tuliposikia kwamba kuna mtu anakuja kutoka Kampala. Alikuwa na kikundi kikubwa kinachoonyeshwa kwenye televisheni, chenye ulingo wa magodoro na daktari wake, na alitaka mwanamke mmoja kutoka upande wetu. Mmoja tu. Nilikuwa na miaka thelathini na minne na goti lililokuwa likijaa maji kila wiki. Nilijua kwamba nikikosa hii, nabaki kuzomewa Malaba mpaka goti litoke mahali pake, halafu narudi kwenye magunia nikiwa kilema. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyoitaka nafasi ile.

Mwenye kikundi alikuwa ameshaamua. "Mfanye aonekane vizuri tu," aliniambia. "Ya mwisho akuinue juu, akutupe. Mgeni aone nguvu."

Basi mgeni alikaa mbele, shati jeupe, simu mkononi. Tulianza vizuri. Nilimvuta msichana nywele, nikamsukuma kwenye kamba, nikamrukia kwa bega, naye akaruka nyuma vile ilivyotakiwa. Kila yeye aliposimama, mgeni aliinua simu akapiga picha. Zamu yangu ilipofika, aliishusha. Niliona mara ya kwanza. Nikaona mara ya pili. Mara ya tatu nilikuwa nimetoka kujibwaga mgongo kutoka juu ya nguzo ya ulingo, kitu ambacho hakuna mwanamke mwingine mpakani aliyekithubutu, nikainua kichwa nimtazame, nikakuta anakagua zile picha zake. Hata hakuwa ameona.

Kilichopangwa kufuata kilikuwa kofi la kazi. Nilifunga ngumi.

Ilimpata katikati ya uso. Niliisikia pua ikivunjika chini ya vidole vyangu, mlio mkavu kama wa muwa, na damu ikamtoka yote kwa pamoja, ikamshuka kifuani. Nitasema ukweli kwa sababu nimechoka kuuficha: nilifurahi.  Nikampiga tena kwa kiwiko, shavuni. Nikamkamata nywele nikampiga goti la mbavu, mara mbili, nikasikia pumzi ikimtoka. Umati ulisimama. Ulikuwa ukicheka!

"Hiyo ni rangi!" dereva mmoja alipayuka. "Wamemwekea tomato sosi!"

Hakuna aliyejua. Hiyo ndiyo hatari ya kazi yetu. Ukizoeza watu uongo, siku ukimpiga mtu ukweli wanakupigia makofi. Hata refa alisitasita. Alimkaribia msichana, akamwinamia, akamngoja. Msichana alitakiwa kukunja mikono kifuani tu, hiyo ndiyo ishara yetu, na pambano lingesimama hapo hapo, na mimi ningekuwa nimekwisha.

Hakukunja. Alinikumbatia shingo kama anayenikaba, mdomo wake ukawa sikioni mwangu, pumzi zinakoroma kwa damu.

"Dada, unanipiga ukweli."

"Najua."

 Nilihisi damu yake ikinitiririkia mgongoni, moto.

"Sawa," akasema. "Tumalize."

Akaniinua.

Nilipofika juu ya kichwa chake ndipo akili ilinirudia, na woga ukaja nayo. Nilikuwa nimelala hewani, miguu juu, shingo yangu ikiwa mikononi mwa mtu niliyemvunja pua dakika moja iliyopita. Angeniachia tu. Hakuhitaji kufanya lolote zaidi ya kuniachia, ningetua kwa kisogo juu ya zile mbao, na kila mtu angesema ni ajali ya kazi. Mimi ningekuwa yeye, ningeachia. Nilijua hivyo, na mkojo ulinitoka kidogo, sioni haya kusema.

Macho yake yalikuwa yamezibwa na damu, hakuwa akiona kitu. Nilihisi mkono wake ukinitafuta mgongoni, ukipapasa polepole, ukapanda mpaka kisogoni, kiganja kikakaa chini ya kichwa changu. Kisha tukashuka. Alishuka nami, akakaa chini sekunde ileile niliyotua, uzito wangu wote akaugawa kwenye mgongo na mapaja yake mwenyewe. Mbao zililia mpaka watu wakaziba masikio. Mimi sikuumia hata kidogo. Nililala pale nikitazama bati la ghala. Miaka sita nimetupwa na wanawake wa Busia, wa Tororo, wa Bungoma, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniweka chini namna hiyo.

Kitu kile sikumfundisha mimi. Sikijui hata leo. Wakati mmoja, tukipumzika, aliniambia kwamba kwao ni Rukala, kando ya mto, na mto ulipofurika ukaingia nyumbani usiku alimbeba nyanya yake mgongoni ndani ya maji mpaka juu ya tuta, yule bibi akiwa na nyonga iliyovunjika. Nilimsikiliza nusu nusu, nikifikiri anajionea huruma. Nilikuwa nimelalamika miezi yote kwamba watu wanaangalia sura tu hawaoni kazi, na mimi niliyekuwa nikishikana naye kila siku, kifua kwa kifua, ndiye niliyekuwa kipofu kuliko wote.

Refa alihesabu tatu. Alimwinua msichana mkono, akashinda.

Nyuma ya mabati alikalishwa kwenye kreti ya soda, kichwa nyuma, kanga ya mtu imebanwa puani. Uso wake ulikuwa umeshaanza kuvimba, jicho moja limezama. Mgeni wa Kampala aliingia akimpita, akaja kwangu moja kwa moja, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Nyabo, mama! Zile ngumi zako! Mtu anaona ni kweli kabisa," alisema. "Nataka wewe. Jumatatu uko tayari kuja?" Akageuka kidogo. "Huyu mwingine, pua ikipona tutaangalia."

Mwenye kikundi hakuwa mjinga. Aliwahi kupigana miaka kumi kabla mgongo haujamshinda. Alichuchumaa mbele ya msichana, akaondoa ile kanga taratibu, akatazama, akamrudishia. Akasimama, akanitazama mimi, kisha yeye.

"Niambie. Huyu amekupiga ukweli?"

Kelele za nje zilikuwa bado. Refa aliacha kufungua soda. Mgeni alikuwa bado amenishika mkono, anatabasamu, haelewi tunaongea nini.

"Hapana," msichana alisema. "Ni mimi nilikosea. Niliweka uso mahali mkono inapita."

"Una uhakika?"

"Bosi, si nimesema? Ni mimi."

Mwenye kikundi alinigeukia. Alinipa nafasi, nakiri. Alisubiri. Kinywa changu kilikuwa wazi na maneno yalikuwa tayari, na mkono wa mgeni ulikuwa na joto juu ya wangu.

"Pole," nilimwambia msichana. Basi. Hilo ndilo lote lililotoka, nami nililisema nikitazama sakafu.

Wanaume walitoka kwenda kutafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali. Tukabaki wawili.

"Nifungulie viatu," aliniambia. "Nikiinama damu inamwagika."

Nilipiga magoti. Kamba za viatu zilikuwa zimeloa, fundo limekaza, ikabidi nitumie meno. Ladha ya damu yake ilinijaa mdomoni. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alirekebisha kanga puani.

"Mimi hata na pua mbovu nitarudi Busia niuze kava za simu," alisema. "Watu watakuja tu. Lakini wewe, dada, wakikutoa hapa, na hiyo sura yako, nani atakuchukua?"

Hakusema kwa kebehi. Aliniuliza, kama mtu aliyelifikiria jambo akiwa ameniinua pale juu na hakupata jibu.  Nilimvua kiatu cha kushoto, nikaanza cha kulia. Jumatatu asubuhi nilivuka daraja la mpakani kwenda Kampala, na sikupita hospitali kumuaga.