Hodi Chumbani kwa Panya

Kwaru, kwaru, kwaru. Kucha za panya kwenye waya. Mpaka leo nazisikia, maana ndiyo sauti niliyoikuta nyuma ya mlango kila asubuhi katika maabara moja ya Kilifi, miaka ya themanini, nilipokuwa msichana wa kufagia na kulisha wanyama. Nikibisha hodi, ilikatika. Mimi nikifurahi: wananisikiliza! Shule niliishia darasa la saba, lakini kichwani nilikuwa muuguzi tayari, na kofia nyeupe.

Daktari wetu, mtu wa bara mpenda mzaha, alitaka kujua jinsi wasiwasi unavyomtoboa mtu tumbo. Panya alitiwa kwenye mrija wa wavu, asiweze hata kugeuka, akasimamishwa majini mpaka kifuani. Baadaye daktari alimuua akampasua, na tumboni mlikuwa na vidonda vidogo vyekundu, kama cheche zimeangukia kitambaa. Panya wa kizimba cha pili hawakuguswa. Hao walikuwa wa kulinganishia, na ndio niliowapenda, kwa kuwa walinenepa na kuishi.

Siku moja akampasua mmoja wao. Vidonda vilevile.

"Huyu nani amemtisha?" akaniuliza.

"Si mimi, daktari. Mimi huingia kwa adabu, nabisha hodi."

Akacheka mpaka miwani ikateleza. "Unawabishia panya hodi! Nao hukujibu karibu?"

"Kwetu Gede hata nyumba tupu hubishiwa, daktari. Hujui nani yumo."

"Haya, toka nje, ubishe nisikie."

Nikatoka, nikavuta mlango. "Hodi!"

Kimya. Nilipochungulia, wote, hata wasioguswa, walikuwa wamejibanza kona ya mbali, wamelaliana, manyoya yamesimama, macho mlangoni. Kumbe siku zote hodi yangu ilitangulia, kisha mkono wa daktari ukafuata, ukachukua mmoja.

"Ijumaa nitapasua mwingine wa kizimba cha pili," alisema polepole. "Akiwa na vidonda, hawafai tena. Itabidi tuwaue wote, tuanze na wengine."

Kesho yake nilifika kabla yake. Sikubisha. Niliingia kwa ncha za vidole, nikajihisi mwizi. Meza ilikuwa imeandaliwa, mirija imepangwa, beseni la maji limejaa, na kizimba cha pili kiliitazama ana kwa ana. Wasioguswa walikuwa wakiona yote, nami sikuwahi kuliona hilo.

Nikavua leso ya juu, nikakifunika kizimba upande unaoelekea meza, nikazichomeka ncha zake kwenye waya.