Vahwere na Mpira ya Esansi

Mireille wa kanisa anataka niandike maisha ya Vahwere mu kaye, daftari ya wamama. Yeye alisoma mpaka diplome, mimi nilisoma miaka mbili tu, lakini kalamu ananitupia mimi. Anajua sababu. Sehemu kubwa ya hii habari ni kosa yangu, na hakuna mwingine atakayeisema.

Vahwere alitoka Butembo na bwana yake Willy, wakapanga nyumba karibu na yangu, ku barabara ya Irumu. Alikuwa kadafi, ni kusema anauza esansi ya pikipiki mu machupa kando ya njia. Anaingiza mpira mu bido, ile dumu kubwa ya plastiki, anavuta na kinywa mpaka esansi inapanda, kisha anaiacha imwagike mu chupa. Kila asubuhi, miaka kumi na mbili. Ulimi yake ilikuwa mashini ya kupima. Anaonja, anatema, anasema, "Hii wametia petroli ya taa. Rudisha." Wenye pikipiki walimupenda, sababu esansi yake haikuharibia mutu mashini hata siku moja.

Akimaliza, anakuja kwangu. Niko na ngombe nne, na siye tunajua tangu wazee kwamba maziwa inaondoa sumu. Ninamupa kikombe moja. "Koko, sasa kinywa imekuwa safi," anasema. Koko, ni kusema bibi. Nilikuwa na kiburi ya ile kikombe, sitaficha.

Siku moja munganga wa hospitali mwenye anaitwa Nathanaël akapita na karatasi, anauliza makadafi yote ya njia yetu: unavuta miaka ngapi? Ufizi inatoka damu? Vahwere akasema hapana. Nathanaël akamuambia pole pole, "Mama, itaanza na ufizi. Kisha uchovu. Kisha alama nyeusi ku mapaja, na hakuna mutu alikupiga. Acha mpira mbele ya ile kufika."

Nikasimama. Kwetu, mutu anayehesabia mwenzake magonjwa yenye haijafika, njo anayemuloga. Nikamupa Vahwere kikombe palepale, munganga akitazama.

"Koko," munganga akasema, "maziwa inashuka mu tumbo. Mvuke ya esansi inapita mu mapafu, inaenda mpaka ndani ya mifupa, kule damu inatengenezwa. Haitakutana."

"Maziwa yangu ilikuza watoto saba," nikamujibu. "Weye inaonekana walikukuza na ya bwati ya duka."

Vahwere akacheka mpaka akashika ukuta. Nathanaël akakunja karatasi, akaenda.

Mwaka uliofuata, mu mvua ya kwanza, Vahwere akanionyesha mate yenye damu ku kiganja. Nikasema ni mswaki mugumu. Nikaongeza kikombe ya pili. Nilikumbuka vizuri maneno ya munganga, lakini kukubali ilikuwa kusema alinishinda. Na Vahwere, sababu aliniamini, akarudi ku mpira miezi ingine saba.

Alama nyeusi zikafika. "Watasema Willy ananipiga, watamufunga bure," akasema, akifunika mapaja na kikwembe. Juma ile ile akaanguka katikati ya machupa, na wenye pikipiki wakamubeba.

Ku hospitali walipima: mifupa yake haitengenezi tena damu ya kutosha. Anaishi na damu ya wengine, mufuko kwa mufuko. Nathanaël alinikuta ku kitanda yake, hakunitukana. Heri angenitukana. Nilinyoosha mukono, nikasema vuta yangu yote. Wakasema umri umepita.

Sasa, weye unayesoma. Ukinunua esansi, tazama ufizi ya ule anayekuuzia, umuambie yenye mimi nilikataa kusikia. Hiyo ni ya njiani. Lakini Vahwere iko na damu ya kundi O pozitifu, na juma hii hakuna mufuko hata moja mu frigo ya hospitali. Usiniambie unamuombea, siye wote tunaomba. Kuja kesho asubuhi ku hospitali utoe damu, ukiwa umeshakula. Willy atakungojea ku mulango.