Mama Wima na Somo la Kusimama

Saa mbili asubuhi, filimbi inalia nje ya karakana ya gereza. Ndani, wanaume sita wanachuchumaa papo hapo, mikono kichwani.

"Nimewaambia nini jamani?" anafoka mwalimu wao. "Inukeni! Huko nje filimbi ni ya refa!"

Wanacheka, magoti yakigoma kunyooka. Humu mfungwa huhesabiwa akiwa amechuchumaa, asubuhi na jioni, na mwili ukishazoea hauulizi tena. Mwalimu ni mshonaji. Alikuja kufundisha cherehani, akaishia kufundisha watu kusimama, ndiyo maana wanamwita Mama Wima.

Somo hili alilipata kwa kaka yake, aliyetoka baada ya miaka tisa. Siku ya tatu askari alipita sokoni, kaka akachuchumaa katikati ya watu.

"Soko zima lilicheka. Na mimi nilicheka," Mama Wima anamwambia mwandishi wa gazeti aliyekuja kumtembelea. "Hakutoka tena chumbani. Mwezi haukuisha, akaiba baiskeli mchana kweupe, akaikalia akisubiri wamkamate. Alifia humuhumu."

Mwaka jana aliwaandaa watu thelathini na mmoja. Kumi na tisa wamesharudi ndani. "Hawa nawafundisha," anasema kwa uchungu. "Ndugu zao nani atawafundisha?"

Leo anatoka mwanafunzi wake mmoja, mpishi wa gereza, mzee aliyefungwa miaka kumi na sita. Mama Wima amemfuata binti wa mzee huyo mara nne, mpaka akakubali kuja kumpokea baba yake getini.

Saa nne geti linafunguliwa. Mzee anapita mbele ya askari wima kabisa, mfuko wa nguo mkononi. "Umeona, mwalimu?"

"Nimeona, baba. Hongera!"

Simu ya Mama Wima inaita. Ni yule binti. Mumewe amekataa, anasema, eti majirani watasemaje. Mama Wima anaikata bila kuaga, kisha anamwambia mzee ukweli, maana kumficha angemficha mpaka lini?

"Damu nzito kuliko maji! Uongo mtupu," anamgeukia mwandishi. Anatafuta chumba cha kupanga karibu na gereza, cha wasio na wa kuwapokea. Wenye nyumba watatu wamemjibu: wafungwa hapana. "Kesho namfuata wa nne."

Anapogeuka, mzee amechuchumaa ukutani, mikono kichwani.

"Inuka, baba."

"Niinuke niende wapi, mwalimu?"

Mama Wima, mpangaji wa chumba kimoja, anauokota ule mfuko wa nguo.

"Twende kwangu. Wakinifukuza, tutakuwa wawili."