Namba Chini ya Kigoda

Baba alikuwa mchonga vigoda, na chini ya kila kigoda alichoma namba yetu ya simu kwa chuma cha moto. Hakuwa na kadi wala bango. Mteja aliyetaka kingine alipindua kile alichokalia, akapiga.

Miaka ya tisini tukahama Huruma kwenda Dandora. Karani wa shirika la simu akatuambia tutapewa laini huko, lakini namba yetu itabaki Huruma. Baba akamweleza habari ya vigoda. Karani hakuinua hata macho.

"Namba si yako, mzee. Ni ya shirika."

Shirika lilikuwa hilo moja tu nchi nzima. Hatukuwa na pa kukimbilia, na yeye alilijua hilo.

Namba yetu wakapewa watu wengine. Simu za wateja wetu ziliwachosha, na badala ya kusema tumehama, wakawa wanasema fundi amekufa.

Tulijua hayo siku mteja mmoja wa zamani alipoulizia hadi akaipata nyumba yetu, amebeba sukari na majani ya chai, amekuja kutupa pole. Baba ndiye aliyemfungulia mlango, tezo ya kuchongea mkononi. Yule mteja akamnyooshea sukari hivyo hivyo. Baba akaipokea sukari, akamwambia mama yangu abandike maji, na sote tukanywa chai ya matanga yake, naye mwenyewe ndiye aliyetumiminia.