Raundabauti Mahali pa Kibanda cha Kamanthe

Kwa miaka kumi na tisa Kamanthe alishona sare za shule kibandani kwake kwenye njia panda ya kwenda Masii. Mumewe, Mutua, aligongwa na kuuawa na lori la mchanga pale pale akivuka kwenda kununua maziwa. Tangu siku hiyo Kamanthe hakuipa barabara mgongo. Cherehani aliigeuza akawa anashona huku anatazama magari.

Injinia Farhia alipoleta michoro mitatu ya kurekebisha njia panda ile, watu waliitwa uwanjani kwa chifu watoe maoni. Mchoro mmoja ulikuwa wa taa, mwingine wa raundabauti. Wa tatu uliitenganisha njia panda, barabara ya kwenda Kalama ikisogezwa mbele kidogo isikutane ana kwa ana na ile ya Masii.

"Taa!" akasema Rodgers, mwenye duka la mabati. "Na sisi tufanane na mji."

Kamanthe akainua mkono. "Na stima ikipotea?"

Watu wakacheka, lakini Farhia hakucheka. Mkutano ulipoisha akamfuata. "Mama, wewe umeona nini pale?"

"Njoo siku ya soko, mwiitu wakwa, binti yangu. Keti na mimi uone mwenyewe."

Farhia akaja, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi. Kamanthe alikanyaga cherehani huku akimwonyesha kwa kidevu: lori likiteremka bila kupunguza mwendo, akina mama wakivukia kwenye bucha, mbali na kivuko cha kwenye mchoro, kwa sababu mtaro umefunikwa hapo tu. Kufikia saa sita walikuwa wamehesabu magari kumi na moja yaliyoponea chupuchupu. Kisha ukapita mkokoteni wa punda.

"Mkitenganisha njia, huyu itabidi aingie barabara kubwa kwanza, katikati ya malori, ndio akate tena," Kamanthe akasema. "Na punda hakimbii."

"Basi ni raundabauti," Farhia akasema. "Hapo kila dereva atapunguza, apende asipende. Na kivuko tukiinue hapo kwenye bucha." Akakunjua mchoro, akafuata duara lake kwa kidole. "Lakini mama, itapita hapa tulipoketi."

"Niliona tangu kule uwanjani."

"Mbona hukusema?"

Kamanthe akakata uzi kwa meno. "Niseme nini? Kibanda kibaki, watu waendelee kugongwa?"

Alihamia nyuma ya bucha, mahali penye giza, na muhula mzima wateja walimtafuta wasimwone. Wiki za kwanza za raundabauti madereva walivunjiana vioo vya pembeni na kutukanana. Lakini mwaka na nusu umepita, na hakuna aliyezikwa kwa sababu ya njia panda ile.

Siku hizi anatazamana na ukuta. Akisikia breki, mguu husimama wenyewe juu ya pedeli. Husikiliza mpaka gari liendelee, halafu naye huendelea kushona.