Sinia la Jini wa Mtongwe

Sema kwanza wallahi humwambii mtu. Sema nikusikie. Haya. Nami nilipokuwa mtoto niliapishwa hivyo hivyo juu ya jambo hili, mkono juu ya msahafu, na mamangu mzazi, na leo nalitoa. Mungu atanisamehe. Walioniapisha wamelala makaburini wote, na siri ya mtu mmoja huoza kama samaki.

Ni habari ya kambi ya Mtongwe, upande wa Likoni. Chuo chetu cha Kurani kilitupeleka huko wasichana ishirini na kitu wakati wa likizo, tusome, tushone, tujifunze adabu. Tuliwekwa katika jumba kuukuu la mawe ambalo zamani za wazungu walilazwa humo wagonjwa wa ndui. Wengi walitoka kwa jeneza. Chumba kimoja kilipigwa kufuli, na hakuna aliyejua ufunguo uko wapi. Mlezi wetu alikuwa nyanya yangu, Bi Rukia, chumba chake kikipakana na kile cha kufuli. Nyanya alikuwa mtu wa heshima zake; hata wanaume wazima walimwamkia kichwa kimeinama. Mimi akiniita mke mwenza, nami nikiringa kwa jina hilo.

Siku ya kwanza alitukalisha mkekani. "Mle ndani mna mwenyewe," akasema. "Jini wa kike. Hana ubaya, lakini jua la utosi likifika, ataka haki yake. Na atakayekuwa macho saa hiyo, mimi simo."

Haki yenyewe ilikuwa sinia: halua, tende, mayai ya kuchemsha, bisi, na birika ndogo ya kahawa chungu. Sisi watu wa pwani sinia la namna hiyo twalijua, hakuna aliyeuliza. Wazazi walileta vitu, na kila asubuhi sisi tulipunguziwa hamri moja moja ili jini ashibe. Adhuhuri tulilazwa, shuka usoni. Na kutoka upande wa chumba kile, wallahi, tukasikia kutafuna. Taratibu, kama mtu asiye na safari. Tulipofunua shuka, sinia lilikuwa pale pale mlangoni, tupu, limepanguswa.

Aliyelala ubavuni mwangu ni Mishi. Babake alikwishakufa, na mamake akiuza viazi karai pale kivukoni. Chuo kilimchukua bure kwa sababu ya kichwa chake. Alikuwa akisoma kuliko sisi sote. Siku ya nne akanivuta mkono.

"Fatu, njoo uone."

Chini ya dirisha la chumba cha kufuli palikuwa na kokwa za tende, chungu nzima.

"Jini atema kokwa?" Mishi akauliza.

"Nyamaza! Utapindwa mdomo."

"Sasa nimekosa nini? Mimi napata hamri moja, yeye apata sinia, tena kokwa anitupia mimi nifagie."

Mishi kunong'ona hakujui. Kufika magharibi kambi nzima ilikuwa na habari ya kokwa. Kesho yake sinia likakutwa limejaa, halikuguswa hata bisi moja. Nyanya akashika kichwa.

"Kakataa," akasema. "Chakula hakitaki tena. Amtaka mtoto. Yule aliyekwenda kupekua dirishani."

Ikaamuliwa Ijumaa, baada ya sala, wazazi waje, Mishi akabidhiwe kwao na asirudi chuoni tena. Wewe wajua maana yake? Mtoto wa kike aliyetakwa na jini, nani atakaa naye mkeka mmoja? Nani atanunua viazi vya mamake? Mishi hakulia kwa sauti. Alikunja nguo zake mbili, akazikunjua, akazikunja tena.

Mimi nilimshuku mpishi, Mzee Kombo, kwa kitambi chake. Na wakati ule likizo ikiisha watoto tulinyweshwa haluli, dawa ya kuharisha, tukoshwe matumbo kabla ya kurudi kusoma. Mwalimu Sauda, mkubwa wa kambi, alikuwa nayo kabatini tayari, imefungwa kwenye vikaratasi. Haluli ni chungu, kahawa nayo chungu. Ijumaa Nyanya alipoagiza sinia kubwa la kumwomba jini radhi, niliiba vikaratasi vitatu, nikamimina unga wake ndani ya birika.

"Leo," nikamwambia Mishi, "jini tutamjua kwa mbio zake." Akaapa hatanitaja.

Sinia likarudi tupu. Saa nane wazazi na wazee wa chuo wamekaa barazani, na Mzee Kombo apitisha chai, anacheka, mzima kama kigogo. Nikasema moyoni basi, ni jini kweli, na nimemtilia haluli!

Nyanya akasimama kusema. "Mtoto huyu, jamani, tangu alipo..." Jasho likamtoka. Tumbo lake likanguruma kama lori la bandari ya Kipevu lapanda mlima.

"Jini kampanda Bi Rukia!" Mwalimu Sauda akapiga ukelele. "Huyu mtoto ndiye kamletea!"

Wanawake wawili wakamkamata Mishi mikono, mamake akamng'ang'ania kiunoni. Mishi akanitazama. Alijua, na kiapo chake akakishika.

Nyanya naye akanitazama. Jicho lile silisahau: mke mwenza, ninusuru. Leo nimemzidi umri, na kwa huu mdomo wangu najua utamu wa kuaminiwa na watu hata ukisema uongo. Ningenyamaza tu, Nyanya angetoka pale na heshima maradufu.

"Si jini," nikasema. "Ni haluli. Nimeitia mimi kwenye kahawa ya sinia."

Kofi la mamangu lilinifika kabla sijafunga kinywa. Nyanya akageuka akimbilie chooni, pindo la leso likafunguka, na mayai ya jini yakadondoka, matatu, yakibiringika sakafuni mbele ya wazee wa chuo. Hakuna aliyecheka. Mimi niliyetaka kumnasa mwizi nilitamani ardhi inimeze pamoja naye.

Yai moja likasimama miguuni pa mamake Mishi. Akamwachia mwanawe kiuno, akaliokota, akalipangusa kwa ncha ya leso, akamfuata Nyanya mpaka mlangoni na kumnyoshea kwa mikono miwili.

"Shikamoo Bi Rukia. Yai lako."

Nyanya amejikunja, tumbo mkononi, macho ya watu wote mgongoni. Lakini shikamoo haiachwi ikaanguka.

"Marahaba," akasema, na akalipokea.